Mwekezaji na mfadhili: nani ni nani?

Katika mashindano ya wajasiriamali hapa Nairobi, kijana akishapewa ile hundi kubwa ya kadibodi na kupigwa picha, hutangaza kwamba amepata mwekezaji. Mara nyingi aliyempa ni shirika linalotoa ruzuku. Mwingine naye humwendea mfanyabiashara kumwomba "awekeze", kisha anakasirika akitajiwa hisa.

Mwekezaji hutia pesa akitarajia zirudi na faida. Mfadhili hutoa na hadai kurudishiwa. Hadi hapo tunaelewana. Kinachowaponyoka wengi ni kwamba mwekezaji wa hisa anakuwa mwenye biashara. Chukua fundi wa Gikomba anayeunda majiko, ambaye amesajili kampuni na anahitaji shilingi 500,000. Akipewa kiasi hicho kwa asilimia 20, wawili hao wamekubaliana kwamba kampuni nzima, pamoja na pesa zilizoingia, ina thamani ya shilingi 2,500,000. Hisa zikishasajiliwa, ukiomba kwa Msajili wa Kampuni CR12 ya kampuni hiyo, yaani hati inayotaja wakurugenzi na wenye hisa wake, utamkuta mwekezaji humo kwa jina. Faida ikigawanywa, ana fungu lake. Kampuni ikianguka, pesa zake zimeanguka nayo, na hawezi kumfuata fundi nyumbani kumdai.

Hapo kwenye hasara ndipo ninapotaka watu watulie. Ndiyo sababu mwekezaji huuliza sana: vitabu vya hesabu viko wapi, kodi imelipwa, mteja mkubwa akihama itakuwaje? Vijana huyaona maswali haya kama roho mbaya ya tajiri. Anauliza kwa sababu anaingia ndani.

Mkopo nao uwekwe pembeni. Hustler Fund ya serikali ya Kenya, iliyozinduliwa Novemba 2022, ni mkopo: unarudishwa na riba, biashara iuze isiuze.

Nakubali kwamba mtu mmoja anaweza kuwa mwekezaji na mfadhili. Tony Elumelu wa Nigeria huhubiri kwamba sekta binafsi ndiyo ya kuiendeleza Afrika, kwa uwekezaji wa muda mrefu unaoleta faida na kuinua jamii. Uwekezaji wake huufanya kupitia kampuni yake, Heirs Holdings. Wakfu wake, ulioanzishwa mwaka 2010, huwapa wajasiriamali mtaji wa kuanzia wa dola 5,000 usiorudishwa. Mfuko wa kwanza hudai faida. Wa pili haudai, hata kama unamsaidia mfanyabiashara.

Wala ruzuku si pesa ya aibu. Kabla M-Pesa haijazinduliwa mwaka 2007, serikali ya Uingereza ilitoa ruzuku ya karibu pauni milioni 1 ili wazo lijaribiwe, na Vodafone, iliyokuwa na hisa katika Safaricom, ikachangia upande wake. Serikali hiyo haikupewa hisa. Vodafone ilikuwa nazo tayari. Ruzuku ilibeba hatari ya jaribio ambalo hakuna aliyejua lingefika wapi, na nadhani hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko zote.

Kwa hiyo ukimsikia kijana akisema amepata mwekezaji, mpongeze kwanza. Kisha muulize taratibu kama mtu huyo yumo kwenye CR12. Kama hayumo, na pesa hazina tarehe ya kurudishwa, alichopata ni ruzuku, na anaweza kuiita hivyo bila kupungukiwa na chochote.