William Bligh: kilichomponza ni ulimi, si mjeledi

Ukilitaja jina la William Bligh, wengi humkumbuka kama nahodha katili wa Bounty, meli ya jeshi la majini la Uingereza, ambaye mabaharia wake walimwasi tarehe 28 Aprili 1789 karibu na visiwa vya Tonga, bahari ya Pasifiki.

Hata huo unahodha una walakini. Cheo chake wakati ule kilikuwa luteni, na hakupewa hata askari mmoja wa kumlinda melini.

Ama ukatili, Bligh alichapa watu wachache kuliko James Cook, mkuu wake wa zamani, katika bahari hiyohiyo ya Pasifiki. Kasoro yake ilikuwa mdomo. Siku moja kabla ya maasi aliona nazi zake zilizorundikwa sitahani zimepungua. Akawaita maafisa, akawatukana kwamba ni wezi mbele ya mabaharia. Miongoni mwao alikuwa Fletcher Christian, kijana aliyesafiri naye kabla na ambaye yeye mwenyewe alimpandisha kuwa kaimu luteni. Kesho yake alfajiri Christian ndiye aliyemtoa Bligh kitandani na kumfunga mikono.

Si kweli pia kwamba meli nzima ilimkataa. Watu 18 walishuka naye kwenye mashua ya mita 7, ikalemewa hata maji yakakaribia kufika ukingoni. Watiifu wengine walibaki melini kwa kukosa nafasi. Bila ramani, Bligh aliiongoza mashua ile zaidi ya kilomita 6,500 hadi Kupang, Timor. Mizani yao ya kugawia chakula ilikuwa vifuu viwili vya nazi, na jiwe la kupimia ni risasi ya bastola: mkate mkavu wa uzito huo, basi. Njiani alikufa mmoja tu, aliyepigwa mawe na wenyeji wa Tofua, kisiwa cha Tonga.

Wanaodhani kazi yake iliishia hapo ndio wanaokosea zaidi. Mwaka 1790 mahakama ya kijeshi ilimwondolea lawama, na mwaka 1793 akafikisha miche ya mishelisheli kutoka Tahiti hadi St Vincent na Jamaika, visiwa vya Karibi. Ni shelisheli hilihili tunalolipika kwa tui pwani. Kule lilikusudiwa liwe chakula rahisi cha watumwa wa mashamba ya miwa, na kwangu mimi doa hilo ni zito kuliko yote ya Bounty, ingawa halisemwi.

Mwaka 1801 alipigana katika vita vya majini vya Copenhagen chini ya Nelson, admeri wa Uingereza, akashukuriwa. Mwaka 1808, akiwa gavana wa New South Wales, koloni la Uingereza huko Australia, askari walimpindua tena. Alipofariki mwaka 1817 alikuwa makamu admeri.