Ng'ombe akiandikika "ngómbe", usinunue kibodi

Juzi alinijia mama mmoja hapa Mwanjelwa, afisa mifugo kutoka Tukuyu, laptopu ameifunga kwenye kitenge. "Fundi, kibodi imekufa. Ripoti yangu yote ni ng'ombe wa maziwa, nayo inaandika ngómbe." Kuna fundi alikwishamwambia anunue nyingine. Nikamwambia, "Mama, pesa yako iweke kwanza. Andika tena nione."

Akabonyeza n, g, kisha ritifaa, yaani alama ya '. Kimya. Alipobonyeza o, ikatoka ó. Hapo nikajua kibodi ni nzima.

Kibodi haijui herufi. Kitufe kikibonyezwa hutoa namba tu, na mfumo ndio unaoigeuza namba kuwa herufi kwa kufuata mpangilio uliochaguliwa. Kwenye Linux, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika xev, programu inayoonyesha kitufe kilichobonyezwa, kisha bonyeza ritifaa. Kwenye kibodi ya Kimarekani utaona keycode 48, na kando yake jina: apostrophe au dead_acute. Namba ikitokea, kitufe ni kizima. Jina likiwa dead_acute, basi kitufe kinasubiri herufi inayofuata ili kiiwekee alama juu. Anayeandika Kihispania hilo linamfaa sana. Sisi linatuumiza, maana ng' yetu hufuatwa na irabu: ng'oa, ng'ara, ng'ombe.

Mafundi wengi hukimbilia setxkbmap, amri ya kubadili mpangilio wa kibodi. Kwenye Wayland, mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye skrini ambao ndio Ubuntu ya sasa hutumia, amri hiyo haigusi programu za Wayland zenyewe, kwa hiyo unabadilisha na hakuna kinachobadilika. GNOME, yaani sura ya mezani ya Ubuntu, ina daftari lake la mipangilio, liulize hivi:

gsettings get org.gnome.desktop.input-sources sources

Ya mama ilijibu [('xkb', 'us+intl')]. us ni mpangilio wa Kimarekani, na hiyo intl, toleo lake la kimataifa, ndiyo iliyokuwa ikimlia ritifaa. Ukiweka us peke yake, yamekwisha. Wateja wangu wa Tunduma wanaowaandikia Kifaransa wenzao wa Lubumbashi huwawekea us+altgr-intl: ritifaa inabaki ritifaa, na é wanaipata kwa kushikilia AltGr (Alt ya kulia) na kubonyeza e.

Lakini kabla hujagusa chochote, uliza kama nenosiri lina ritifaa. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona mtu akifungiwa nje ya mashine yake. Nenosiri lililowekwa chini ya intl likiwa na ng'o, kilichohifadhiwa ni ngó. Ukibadili mpangilio, vidole vilevile vitaandika kitu kingine, na skrini ikijifunga hutaingia. Libadilishe kwanza kwa amri ya passwd, liwe la herufi na namba tu. Halafu ujue kwamba skrini ya kuingilia husoma mahali pengine. Kwenye Debian na Ubuntu fungua /etc/default/keyboard, mstari wa XKBVARIANT uuache mtupu, kisha washa mashine upya.

Laptopu za mitumba kutoka Ujerumani ugonjwa wake ni mwingine: Z na Y zimebadilishana nafasi. Mpangilio wake ni de, na mwenye nayo achague kufuata maandishi ya vitufe au mazoea ya vidole vyake.

Ilibaki ripoti yenyewe, kurasa nzima zimejaa ngómbe. Ndani ya LibreOffice tulibonyeza Ctrl na H, tukatafuta ngó, tukaweka ng'o, tukarudia kwa ngá na ngé. Mama akaisoma yote mwanzo hadi mwisho kabla ya kuifunga tena kwenye kitenge.