Maili Chache Zisikudanganye: Jinsi Ninavyomkagulia Mstaafu Motohomu Iliyotumika

Kazi yangu, hapa katikati mwa Uingereza, ni kukagua motohomu zilizotumika kabla mnunuzi hajatoa fedha zake. Kwa msomaji asiyewahi kuiona, motohomu ni gari lenye kitanda, jiko, choo na bafu juu ya chasisi yake lenyewe. Si karavani ya kuvutwa nyuma ya gari jingine. Wateja wangu wengi ni wastaafu, na wamo Waswahili wenzangu: wauguzi, walimu na madereva wa mabasi waliokuja huku miaka ya themanini na tisini, ambao sasa wamepokea mafao yao na wanataka kuizunguka Scotland au kushuka hadi Ureno bila kulipia hoteli kila usiku. Karibu wote hunipigia simu kwa maneno yaleyale: "Fundi, tumepata gari zuri, lina maili chache sana."

Maneno hayo ndiyo yanayowatia watu hasarani. Motohomu ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja, na kila kimoja kina umri wake. Chini kuna gari, mara nyingi Fiat Ducato, Peugeot Boxer, Ford Transit au Mercedes Sprinter, ambalo huchakaa kwa kutembea. Juu yake kuna nyumba, nayo huchakaa hata ikiwa imesimama uani mwaka mzima, kwa sababu mvua, jua na baridi haviulizi kama mwenye nyumba amesafiri au hakusafiri. Injini za dizeli za magari hayo ziliundwa kwa ajili ya kubeba mizigo, na maili 70,000 kwazo si jambo la kutisha ikiwa mafuta ya injini yamekuwa yakibadilishwa kwa wakati. Gari la umri wa miaka 14 lililotembea maili 19,000 tu hunitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa huenda lilikaa misimu kadhaa bila mtu kufungua mlango wake.

Gari la namna hiyo hasa ndilo nililoitwa kulikagua majira ya kuchipua yaliyopita na mzee mmoja na mkewe, muuguzi mstaafu, ambao walikuwa wamekwisha kuahidi kutoa amana. Ndani kulinukia manukato ya maua, mapazia yamefuliwa, na makochi yamewekwa vitambaa vipya. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, nami nilipofungua kabati la juu, pembeni mwa kitanda kilicho juu ya kiti cha dereva, nilikuta rangi ya ukuta imekunjamana kidogo. Niligusa kwa kipima unyevu chenye sindano mbili, kikasoma asilimia 34.

Ni vyema nieleze namba hiyo ina maana gani. Kuta za motohomu nyingi, hasa za zamani, ni tabaka kadhaa: nje kuna bati la alumini au faiba, katikati kuna povu la kuzuia baridi pamoja na fremu ya mbao, na ndani kuna plaiwudi nyembamba. Kila mahali ambapo ukuta umekutana na paa, au ambapo dirisha, taa ya nyuma na reli ya turubai la kivuli vimetobolewa na kufungwa skrubu, pamezibwa kwa gundi maalumu, ambayo baada ya miaka hukauka na kupasuka. Maji huingia kwa tone moja moja, hayaonekani, na mbao zilizo ndani hulainika kama mkate uliochovywa kwenye chai wakati ukuta wa nje ungali unang'aa. Katika kazi yetu, usomaji usiozidi asilimia 15 hauna tatizo. Kati ya 15 na 20 ni wa kufuatiliwa. Ukipita 20 maji yanaingia mahali. Na ukipita 30 mara nyingi mbao zimekwisha kuoza, na ukarabati wake unaweza kufika maelfu ya pauni kwa kuwa ni lazima ukuta ufumuliwe. Asiye na kipima anaweza kubonyeza kwa kidole gumba kila pembe, ndani ya makabati na chini ya magodoro, na kutembea taratibu akisikiliza sakafu: ikibonyea kama sponji, tabaka zake zimeachana. Mimi hupenda kwenda siku ya mvua. Muuzaji anayeahirisha miadi kwa sababu kunanyesha huwa ameniambia jambo fulani.

Ulizia pia vyeti vya ukaguzi wa kila mwaka wa sehemu ya kuishi, ambao ni tofauti kabisa na ukaguzi wa lazima wa usalama barabarani, ule uitwao MOT. Fundi wa MOT hutazama breki, matairi, taa, usukani na moshi. Unyevu wa kuta na friji ya jikoni si kazi yake, kwa hiyo cheti chake kipya hakisemi lolote kuhusu nyumba. Hata hivyo historia ya MOT husomwa bure mtandaoni kwa namba ya gari, na humo utaona maili zilizosomwa kila mwaka pamoja na kutu iliyotajwa na fundi aliyetangulia.

Upande wa gari, ule uchache wa maili una hila mbili. Ya kwanza, kwa injini zinazoutumia, ni mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali za injini, ambao watengenezaji hutaka ubadilishwe kwa maili au kwa miaka, lolote litakalotangulia. Mwenye gari la maili 19,000 hudhani muda bado, kumbe miaka imepita zamani, na mkanda ukikatika katika injini nyingi vali hugongana na pistoni. Ya pili ni matairi. Kashata zake, yale meno ya mpira yanayoshika barabara, zitakuwa nene, lakini tafuta kwenye ubavu wa tairi tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira huzeeka ukiwa umesimama chini ya mzigo, nami tairi lililopita miaka saba humwambia mnunuzi alihesabu kuwa ni la kubadilishwa. Matairi yaliyoundwa kwa ajili ya magari haya hubeba herufi CP.

Friji humpotezea mnunuzi subira. Nyingi hazina kompresa. Hufanya kazi kwa kuchemsha amonia kwa gesi, kwa umeme wa nyumbani au kwa betri, na huhitaji saa kadhaa kupoa huku gari likiwa limesimama mahali tambarare. Mwombe muuzaji aiwashe usiku wa kuamkia siku ya ukaguzi, kisha uijaribu kwa gesi na kwa umeme. Mitungi nayo itazamwe: butani haigeuki kuwa mvuke ipasavyo baridi inapokaribia nyuzi 0, ilhali propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri, kwa hiyo anayetaka kusafiri wakati wa baridi achukue propani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa mstaafu lilipaswa kutangulia yote, nalo ni leseni. Aliyefaulu mtihani wa gari hapa Uingereza kuanzia tarehe 1 Januari 1997 anaruhusiwa kuendesha motohomu ya dizeli ambayo uzito wake pamoja na mizigo hauzidi kilo 3,500. Aliyefaulu kabla ya hapo ana daraja la C1, linalomfikisha kilo 7,500. Leseni huisha mtu atimizapo miaka 70, na baada ya hapo huombwa upya kila miaka mitatu. Anayetaka kubaki na C1 lazima apimwe afya na macho, daktari ajaze fomu ya D4, naye atume maombi kwa karatasi. Akijaza ya mtandaoni kwa haraka atarudishiwa leseni ya kilo 3,500. Nimemwona mzee wa miaka 69 akinunua gari la kilo 4,200 bila kulijua hilo.

Kilo 3,500 zenyewe ni chache kuliko zinavyosikika. Chukua gari lililopimwa kwenye mizani likiwa na dereva na tangi la dizeli, likasoma kilo 3,120: zimebaki 380. Mke ana 70, maji ya tangi lita 100 ni kilo 100, turubai 30, mitungi miwili ya gesi 30, baiskeli mbili za umeme 50. Zilizobaki ni 100 kwa nguo, vyombo, viti, chakula na gunia la mchele ambalo akina mama zetu hawaliachi nyumbani. Usikubali uzito ulioandikwa kwenye kijitabu. Lipeleke gari kwenye mizani.

Kuhusu hati nitasema machache. Kitabu cha gari, V5C, humtaja mtunzaji aliyesajiliwa, si mmiliki, kwa hiyo lipia uchunguzi wa historia ujue kama gari lina deni, liliibwa au lilifutwa na bima. Ukinunua kwa mfanyabiashara, sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kulirudisha likiwa na kasoro uliyouziwa nayo. Ukinunua kwa mtu binafsi huna siku hizo. Anayeishi London au kuingia mara kwa mara ajue kwamba motohomu ya dizeli ya hadi kilo 3,500 isiyofikia kiwango cha moshi cha Euro 6 hutozwa pauni 12.50 kwa siku. Na mwenye pasipoti ya Uingereza ana siku 90 tu katika kila siku 180 ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ureno ikiwemo, ilhali mwenzake aliyebaki na pasipoti ya Tanzania, nchi isiyoruhusu uraia pacha, anahitaji viza kwanza.

Kuna pia mwili wa msafiri mwenyewe. Kitanda cha juu ya dereva hupandwa kwa ngazi, na magoti ya miaka 68 yataishuka ngazi hiyo usiku yakitafuta choo. Afadhali kitanda kinachozungukwa pande tatu. Kaseti ya choo, yaani tangi la taka linalochomolewa, ikijaa hukaribia kilo 20, na lazima mtu aibebe. Huwaambia wateja walale juu ya kitanda, wavue viatu, waoge bila maji, hata kama muuzaji anawacheka.

Yule mzee na mkewe waliliacha gari la maili 19,000. Miezi miwili baadaye walinunua jingine la miaka 11, maili 71,000, kuta zake zikisoma asilimia 11 hadi 14, na kwa ushauri wangu walikuwa wametenga sehemu ya bajeti kwa ajili ya mkanda, matairi manne na betri ya sehemu ya kuishi. Siku ya tatu ya safari yao ya kwanza pampu ya maji ilikufa. Mama alinipigia simu kutoka Wales, nikamwelekeza mumewe ilipo, chini ya kiti cha nyuma, na wakaoga kwa ndoo hadi duka la vipuri lilipofunguliwa Jumatatu.