Je, Wajua Kwa Nini Waanglikana wa Masasi Husali Misa yenye Ubani na Kengele?

Mtumishi mmoja wa serikali aliyehamishiwa Masasi kutoka Dodoma aliwahi kunisimulia Jumapili yake ya kwanza wilayani humo. Alibatizwa akiwa mchanga katika Kanisa Anglikana, akapata kipaimara humo humo na kuimba kwaya kwa miaka mingi, kwa hiyo alipoona kibao kimeandikwa Kanisa Anglikana aliingia bila wasiwasi. Ndani alikutana na harufu ya ubani, kijana aliyevaa kanzu nyeupe akipunga chetezo, padri mwenye kasula ya kijani, na waumini waliokuwa wakifanya ishara ya msalaba kila baada ya muda. Kengele ndogo ilipolia altareni na watu wote wakainamisha vichwa, alimwinamia mzee aliyekaa karibu naye akamwuliza kwa sauti ya chini, "Samahani, mzee wangu, hapa si kwa Wakatoliki?" Mzee akamjibu bila kugeuka, "Hapana, mwanangu, hapa ni Anglikana. Wewe sali tu."

Mshangao wake una msingi. Kule alikotoka, kiongozi wa ibada huitwa mchungaji au kasisi, mahubiri ndiyo huchukua sehemu kubwa ya muda, na watu husema wanakwenda kushiriki Meza ya Bwana. Masasi na Newala kiongozi huyo huitwa padri, ibada kuu huitwa Misa, na watu husema wanakwenda kukomunika. Ni kanisa moja, lenye askofu mkuu mmoja kwa nchi nzima. Tofauti hiyo ilitoka wapi?

Kwanza tuliweke sawa jambo linalowaunganisha, ambalo ni uaskofu. Neno hili lilitoka katika Kigiriki, episkopos, yaani mwangalizi, na Waarabu walilitamka usquf kabla halijawa askofu vinywani mwetu. Ndiyo maana ndugu wa Waanglikana walioko Marekani hujiita Kanisa la Episcopal, maana yake kanisa la kiaskofu. Baada ya kupata uhuru kutoka kwa Uingereza hawakuweza tena kuwa chini ya kanisa ambalo viongozi wake waliapa utii kwa mfalme wa Uingereza, na askofu wao wa kwanza, Samuel Seabury, alilazimika kwenda Uskoti mwaka 1784 ili awekewe mikono. Kwa hiyo anayeingia katika kanisa la mtaa la Episcopal kule Chicago na anayeingia katika kanisa la Kianglikana hapa Masasi wamo katika ushirika mmoja wa maaskofu, hata kama nyimbo na mavazi havifanani. Ushirika huo haujawahi kudai kwamba kila mahali ubani uchomwe, wala kwamba usichomwe.

Jibu la swali letu, basi, liko katika historia ya wamisionari. Tanzania bara haikupokea Uanglikana kwa mlango mmoja. Upande wa kati, kuanzia Mpwapwa na Dodoma, injili ililetwa na Chama cha Misheni cha Kanisa, kinachojulikana kwa herufi CMS, kilichoanzishwa London mwaka 1799 na watu waliotilia mkazo Biblia, mahubiri na wokovu wa mtu binafsi. Upande wa kusini, pamoja na Unguja na Tanga, ulifikiwa na UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyozaliwa baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge mwezi Desemba 1857 na kuwasihi vijana wasomi waje kupambana na biashara ya watumwa. Vyuo vya Oxford, Cambridge, Durham na Dublin viliitikia.

Oxford ndiyo yenye siri ya ubani. Tangu mwaka 1833 palikuwa na vuguvugu la wasomi na mapadri waliosema kwamba Kanisa la Uingereza halikuzaliwa na mfalme Henry wa Nane, bali ni tawi la kanisa lile lile la mitume, na kwa hiyo lisione haya kurudisha sakramenti, maungamo, mavazi ya ibada, mishumaa na heshima kwa Mama wa Bwana. Uingereza kwenyewe jambo hilo lilizua ugomvi mkubwa. Bunge lilipitisha sheria mwaka 1874 ya kuwadhibiti mapadri wa namna hiyo, na baadhi yao, akiwamo Arthur Tooth aliyefungwa mwaka 1877, walitiwa jela kwa sababu ya kukataa kuacha taratibu hizo. Fikiria padri kufungwa kwa ajili ya mishumaa na ubani! Vijana wenye moyo huo huo waliojiunga na UMCA walifika mahali ambapo hapakuwa na polisi wala jirani wa kuwashtaki, wakapanda kanisa kama walivyotamani liwe nyumbani kwao.

Edward Steere, mmisionari wa UMCA, aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka huo huo wa 1874. Mwaka 1876 aliondoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa, wengi wao wenye asili ya nchi za karibu na Ziwa Nyasa, wakashuka Lindi na kukata mbuga kwa miguu kuelekea bara. Walipofika Masasi, chini ya yale majabali makubwa ambayo hadi leo humpokea msafiri anayetoka Mtwara, waliona ardhi nzuri na maji, wakasema hapa panatosha. Safari ya Nyasa ikaishia hapo na mji wa misheni ukaanza. Haukuwa na amani kwa muda mrefu, kwani mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huku kama Magwangwara, waliuvamia, wakaua na kuchukua mateka, na mwaka 1905 majengo ya misheni yalichomwa moto wakati wa vita vya Maji Maji. Kila mara watu walirudi na kujenga upya.

Steere alikuwa bingwa wa lugha. Akisaidiwa na Waswahili wa Unguja alifasiri Injili, sala na nyimbo, tena kwa kutumia maneno ambayo jirani Mwislamu pia aliyaelewa: sala, sadaka, dhambi, toba, rehema. Matokeo yake ni jambo ambalo wengi hulisahau. Katika abasia ya Wabenediktini, watawa Wakatoliki, pale Ndanda, umbali mfupi kutoka Masasi kwa barabara ya Lindi, Misa ilisaliwa kwa Kilatini mpaka miaka ya 1960, ilhali Waanglikana walikuwa wakiisali kwa Kiswahili tangu karne ya kumi na tisa. Kwa hiyo anayesema kwamba Waanglikana wa kusini wamewaiga Wakatoliki anakosea kidogo, maana sura ya nje inafanana, lakini katika lugha ya ibada hao wanaodaiwa kuiga ndio waliotangulia.

Mapadri Waafrika nao hawakuchelewa. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa wa asili ya Kiyao kabla ya kukombolewa, alipata upadri mwaka 1890 na kuuongoza mji wa Chitangali bila Mzungu wa kumsimamia pale kijijini. Wamisionari wa UMCA kwa kawaida waliishi bila ndoa na bila mshahara, wakipewa posho tu, lakini mapadri wazawa walioa, na hadi leo familia ya padri ni sehemu ya maisha ya mtaa. Neno mtaa katika Kanisa hapa lina maana ya parokia: eneo lenye padri wake, kanisa lake kuu, na makanisa madogo ya vijijini ambako mwalimu wa dini au katekista huendesha sala siku ambazo padri yuko kwingine. Padri mmoja akiwa na vijiji kadhaa na pikipiki moja, si kila Jumapili kila kijiji hupata Misa, na kijiji kinachopangiwa zamu hujiandaa kama kinachongojea mgeni wa harusi.

Wiki ya mtaa huanza kuonekana Jumamosi mchana. Akina mama wa zamu hufika na mafagio na ndoo, wengine wakichuma maua na matawi ya kupamba. Umoja wao, yaani Umoja wa Akina Mama, una ukoo wa mbali: ulianzishwa Uingereza na Mary Sumner mwaka 1876, mwaka ule ule Steere alipofika Masasi, ingawa mambo hayo mawili hayakuhusiana. Ndani ya sakristia, chumba cha kutunzia vifaa vya ibada, mama mmoja hukunjua kitambaa cha altare, akatazama kalenda kabla ya kukitandika, kwa sababu rangi haichaguliwi kwa kupendeza. Kijani ni cha Jumapili za kawaida, ambazo ni nyingi kuliko nyingine zote, zambarau ni ya Majilio na Kwaresima, nyeupe ni ya Krismasi na Pasaka, na nyekundu ni ya Pentekoste na ya mashahidi waliomwaga damu. Mtu asiyejua kusoma akiitazama altare tu anajua kanisa liko wapi katika mwaka, na nadhani hiyo ndiyo sababu nzuri zaidi ya kutunza desturi hiyo katika nchi ambako vitabu vilikuwa haba.

Jumapili kengele kubwa hulia zaidi ya mara moja: ya kwanza huwaamsha walio mbali, ya mwisho huwaharakisha waliochelewa. Misa hufuata mpangilio wa kale, yaani toba, Utukufu, masomo, Injili inayosomwa huku watu wamesimama na mishumaa imeshikwa pembeni, mahubiri, kanuni ya imani, maombi, amani, sadaka, kisha Sala Kuu. Hapo padri huinua mkate, kengele ndogo ikalia, na moshi wa ubani ukapanda katika mwanga wa dirisha. Ubani kwa mtu wa pwani si kitu kigeni. Unafukizwa nyumbani mgeni anapokuja, unafukizwa arusini na katika maulidi, kwa hiyo harufu iliyowaudhi wabunge wa London ilipofika Lindi ilikuta pua zilizoizoea.

Baada ya baraka yako matangazo, ambayo wakati mwingine hushindana na mahubiri kwa urefu, na baada ya matangazo uko mnada. Wasiokuwa na fedha taslimu hutoa walichonacho, na kwa mkulima wa kusini hicho ni mihogo, mbaazi, ufuta, kuku, au kilo chache za korosho msimu unapowadia. Mzee wa kanisa huinua jogoo aliyefungwa miguu, akataja bei ya kuanzia, na ubishi wa kirafiki hufuata hadi jogoo apate mwenyewe. Si ajabu mnunuzi kumrudisha jogoo yule yule auzwe tena, kanisa likapata mara mbili kwa ndege mmoja.

Siku za katikati ya wiki zimetulia zaidi: Misa ya asubuhi ya watu wachache, sala ya jioni, mazoezi ya kwaya, mafundisho ya kipaimara kwa vijana, kuwatembelea wagonjwa na kuwapelekea komunyo nyumbani, na mazishi, ambayo hayapangiwi siku. Katika mikoa yenye Waislamu wengi kama hii, mazishi huwakutanisha wote makaburini, na padri hujikuta akihubiri mbele ya mashehe waliokuja kumzika jirani yao.

Moyo huu wa kuamini kwamba neema hupita katika vitu vinavyoshikika, yaani maji, mafuta, mkate na hata ubani, ulizaa jambo lisilokuwa na mfano mwingi kwingineko. Wayao, Wamakua na Wamakonde huwapeleka watoto wao jandoni na unyagoni, na wamisionari wa mahali pengine walipiga marufuku kabisa desturi za namna hiyo. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi ilipoanzishwa mwaka 1926, alichukua njia nyingine. Yeye pamoja na mapadri na wazee wazawa walikubaliana kuwa na jando la Kikristo: kambi ilibaki porini, wavulana walitahiriwa na kufundwa adabu za utu uzima, lakini yale ambayo Kanisa liliyahesabu kuwa uchawi au matusi yaliondolewa, na mahali pake pakaingia msalaba, sala na Misa ya kambini. Walikuwapo waliomlaumu kwa kuchanganya dini na mila. Kwa maoni yangu alielewa kwamba mtu ambaye hajapita jandoni hakuhesabiwa kuwa mtu mzima kijijini, na kanisa la watu wasiohesabiwa lisingedumu. Trevor Huddleston, aliyepinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini kabla ya kuja kuwa askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1960 hadi 1968, alirithi kanisa lililokwisha kuwa la wenyeji kwa namna hiyo.

Hata hivyo, yule mtumishi kutoka Dodoma hakukosea kabisa kuuliza, kwa sababu zipo tofauti halisi na Wakatoliki. Waanglikana hawako chini ya Papa. Mapadri wao huoa. Walei huketi pamoja na maaskofu katika sinodi na kupiga kura. Na anayekomunika hupewa mkate na divai vyote viwili, akiwa amepiga magoti kwenye kizuizi cha mbele ya altare. Kati ya Masasi na Dodoma, kwa upande mwingine, hakuna ukuta. Mtu wa kule akija huku hahitaji kubatizwa upya wala kupata kipaimara kingine, kwani cheti chake kinatosha.

Mtumishi mwenyewe alikaa Masasi miaka kadhaa. Mpaka anahamishwa tena alikuwa hajazoea kufanya ishara ya msalaba, akisema mkono wake wa Dodoma ni mzito, lakini aliimba katika kwaya ya mtaa, na katika mnada wa mwisho kabla ya safari alinunua mfuko wa korosho kwa bei ambayo mkewe, mpaka leo, hajaambiwa.