Je, wajua? Mhakiki wa jarida hagusi maji ya ziwa

Ukipita mwaloni Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, asubuhi, dagaa wa usiku wakianikwa, waweza kumkuta mtafiti na rula, mizani ndogo na kisanduku cha barafu, anapima samaki mmoja mmoja. Baada ya mwaka mmoja au miwili vipimo vile vinatokea kwenye jarida la kisayansi Ulaya au Marekani. Hapo katikati nani alivikagua, na alivikagua vipi?

Jibu walilo nalo wengi, na ambalo mwandishi wa maelezo haya naye alilishikilia kwa muda mrefu, ni kwamba jarida huwatuma wataalamu wake wakarudie kazi. Wanapima dagaa wengine, wanalinganisha, namba zikishabihiana wanagonga muhuri. Ndiyo maana mtu akisema "hii imechapishwa kwenye jarida" huitamka kama hukumu ya mahakama.

Sivyo kabisa. Mhakiki, yaani mtu anayeombwa na jarida kuukagua mswada kabla haujachapishwa, hainuki kwenye kiti chake. Haji Kigoma, hapewi samaki, na kwenye majarida mengi halipwi hata senti. Naye ni mtafiti kama aliyeandika, pengine mhadhiri mwenye rundo la mitihani ya kusahihisha. Anatumiwa mswada wa kurasa 20 au 30, wakati mwingine na majedwali ya data, anapewa wiki mbili hadi nne, anausoma. Basi. Hiyo ndiyo tathmini inayotajwa kwa heshima kubwa.

Je, kusoma tu kunatosha kujua kitu? Mtazame mama anayenunua magunia ya dagaa wakavu ayasafirishe kwa treni kwenda Tabora. Anafungua gunia na kutia mkono hadi chini, kwa kuwa wazuri huwekwa juu. Anavunja dagaa mmoja asikie kama amekauka. Anapukuta kiganja aone mchanga. Ananusa. Kisha anauliza: hawa walianikwa kwenye chanja au chini? Walinyeshewa? Bila kupanda mtumbwi ameshajua mengi. Lakini gunia halimwambii samaki walivuliwa upande gani wa ziwa, wala kwa wavu wa matundu gani. Hapo anabaki na neno la muuzaji.

Mhakiki hupukuta mswada vivyo hivyo. Tuseme mtafiti ameandika kwamba dagaa walipungua kati ya Machi na Aprili. Mhakiki anayelijua Ziwa Tanganyika atauliza kwanza: sampuli zilichukuliwa mwezi ukiwa wapi? Uvuvi wa dagaa ni wa taa, na taa hukusanya samaki gizani. Mbalamwezi ikiwaka, taa hupoteza nguvu na wavuvi wengi hupumzika. Aliyepima Machi kwenye giza na Aprili kwenye mwezi mpevu amepima mwezi, hakupima samaki. Kosa hilo linaonekana kutoka London bila kulowa miguu, ilimradi tarehe zimeandikwa. Zisipoandikwa, mhakiki makini huzidai, na mswada unarudi.

Mchanga mwingine hujificha kwenye hesabu. Jedwali linasema: vyombo 20, wastani wa wavuvi 5.47 kwa kila chombo. Zidisha: 5.47 mara 20 ni 109.4. Hakuna wavuvi 109.4. Wakiwa 109 wastani ni 5.45, wakiwa 110 ni 5.50, na katikati hapana kitu. Basi ama vyombo havikuwa 20, ama mtu amekosea kuandika, ama namba imetungwa. Kalamu na dakika moja vimetosha. Lakini aliyetunga vipimo vyake kwa uangalifu, hesabu zikakaa sawa, ana nafasi nzuri ya kupita.

Hata makosa yanayoonekana hayakamatwi yote. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, jarida la kitabibu la BMJ lilichukua makala, likapachika kasoro 8 kwa makusudi na kuwatumia wahakiki wake. Kwa wastani walitaja kasoro 2. Lile ni jarida moja la udaktari, kwa hiyo si haki kuwapimia wahakiki wa samaki kwa kipimo hicho hicho, ila ushahidi unaowasifu wahakiki nao si mwingi.

Njia yenyewe ni fupi kueleza. Kwanza kibali cha utafiti, ambacho Tanzania husimamiwa na COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kabla ya kupima chochote. Mswada hutumwa jarida moja tu kwa wakati mmoja; kutuma mawili ni kosa la kufanya mswada ukataliwe. Mhariri huusoma wa kwanza, na mingi hufia mezani kwake bila kumfikia mhakiki, mara nyingi kwa sababu ya kawaida tu: haihusu mada ya jarida. Inayobaki hupata wahakiki wawili au watatu, na jibu la kawaida ni "marekebisho makubwa". Hapo mwandishi hunakili kila hoja, huweka jibu lake chini yake, na hutaja mstari aliorekebisha. Kumjibu mhakiki kwa aya moja ya jumla ndiko kunakowaangusha wengi. Ada nayo, kama ipo, hulipwa na mwandishi, kinyume cha gazeti linalomlipa mwandishi wake. Wachapishaji wengi wakubwa wana msamaha kwa nchi maskini, lakini baadhi huukubali tu ukiombwa siku ya kutuma mswada.

Baada ya kuchapishwa ndipo kurudia kwenyewe huweza kuanza, na ziwa letu ni mfano mzuri. Mwaka 2003 jarida la Nature lilitoa makala iliyosema joto limepunguza kuchanganyika kwa maji ya Ziwa Tanganyika, virutubisho vinabaki chini, na chakula cha samaki kimeshuka kwa takriban asilimia 20. Samaki wanaovuliwa huenda nao wamepungua kwa takriban asilimia 30. Sehemu ya ushahidi ilikuwa kaboni iliyohifadhiwa kwenye matope ya chini ya ziwa. Wahakiki hawakuchimba matope hayo upya. Mwaka 2006 watafiti wengine walipinga: takwimu za samaki wanaovuliwa zinafuata zaidi mabadiliko ya uvuvi kuliko hali ya hewa. Mwaka 2016 kundi jingine likarudi na matope mapya, likahesabu mabaki ya samaki ndani yake, na kuona upungufu ulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara wa katikati ya karne ya 20. Makala zote tatu zilipitishwa na wahakiki, na zote bado zipo, zinasomwa.

Hata makala iliyobainika kuwa ya uongo kwa kawaida haiondolewi. Jarida hutoa tangazo la kuibatilisha, linaliunganisha na makala, kisha neno "imebatilishwa" hupigwa mshazari juu ya kila ukurasa, na maandishi yote yakiendelea kusomeka chini yake.