Injini mpya hailelewi kwa kunguruma imesimama

Pale Igoma, Mwanza, anayetoa pikipiki mpya dukani huambiwa aiache ingurume asubuhi nzima, kisha aiendeshe mwendo wa kinyonga wiki mbili, "injini ifunguke". Kweli, kuminya mafuta hadi mwisho siku ya kwanza si vizuri. Hayo mengine ndiyo yanayoharibu.

Ukuta wa silinda mpya una mikwaruzo midogo iliyochorwa makusudi. Ringi za pistoni, yaani pete za chuma zinazoizunguka, husuguana nayo hadi zikae sawasawa, na kinachozikandamiza ukutani hasa ni presha ya gesi inayoungua. Injini ikinguruma tu bila kazi, presha ni ndogo. Ukuta unaweza kulainika na kung'aa kabla ringi hazijakaa, na pikipiki ikaishia kula oili. Injini ikishapata joto, nenda zako Kisesa ukipandisha na kushusha mwendo. Kilima cha Bugando ruksa, ila si na magunia mawili ya mkaa.

Magari ya kasi nayo ni hivyohivyo: BMW za M, zile za kasi zaidi, hurudi gereji kumwaga oili ya kwanza, yenye chembe za chuma, zikifika kilomita 2,000. Ya pikipiki humwagwa mapema zaidi. Fuata kitabu chake, hata fundi akicheka.