Stata ya boti inazunguka lakini haishiki: yanayosemwa mwaloni na ukweli wake

Kwenye mialo ya Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igombe, injini ya kupachika ikigoma kuwaka, stata, ile mota ya umeme inayoiwasha injini, ndiyo inayobebeshwa lawama kwanza. Inafunguliwa, inapelekwa mjini, inanunuliwa nyingine, na ugonjwa unabaki pale pale. Kabla hujatoa hela, geuza ufunguo usikilize. Kuna kimya kabisa, kuna "ta-ta-ta" ya rilei (swichi ya umeme inayopeleka umeme kwenye stata), kuna "fuuu" ya mota inayozunguka bila kukamata, na kuna kushika kisha kukwama papo hapo. Hayo ni magonjwa manne, na kila moja lina mahali pake pa kutafutwa.

"Stata inazunguka, basi umeme unatosha. Kilichokufa ni bendiksi."

Dhana hii ndiyo inayokula hela nyingi kuliko zote. Kwenye injini nyingi za kupachika, bendiksi, yaani kigia kidogo cha stata na mikato yake, haisukumwi na kifaa chochote. Mhimili wa mota umechongwa mikato ya kuzunguka kama ya skrubu, na kigia kidogo kimekaa juu yake. Mota ikiruka ghafla kwa kasi, kigia kinachelewa kwa sababu ya uzito wake, kinapanda ile mikato na kuuma meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini. Mota ikianza kwa uvivu, kigia kinazunguka pamoja na mhimili na hakipandi. Kwa hiyo betri dhaifu au nati iliyolegea inaweza kutoa "fuuu" ile ile ya bendiksi mbovu.

Pima kwanza. Betri ya volti 12 iliyopumzika saa kadhaa isome 12.6 ikiwa imejaa, 12.2 ni karibu nusu, na 12.0 inakaribia kwisha. Kisha weka mita kwenye nati ya waya mnene wa stata na bodi ya stata, mwenzako ageuze ufunguo. Ikishuka chini ya 9.5, achana na stata, rudi kwenye betri na waya. Ikibaki juu ya 11 huku mota inavuma bila kushika, hapo ndipo bendiksi inastahili kufunguliwa.

Chomoa waya hasi wa betri, toa kifuniko, kisha sukuma kigia kwa kidole ukikizungusha. Kinatakiwa kipande laini na springi ikirudishe chenyewe ukikiachia. Kikigandia njiani, angalia mikato: mara nyingi utakuta grisi nyeusi iliyokauka, imechanganyika na mchanga na vumbi. Sugua kwa mswaki na mafuta ya taa, futa mpaka ikauke, weka matone mawili au matatu ya oili nyepesi. Wanaopaka grisi nzito kwa wingi wakidhani wanailinda ndio wanaoigandisha, maana grisi hiyo inakamata mchanga. Kama kitabu cha injini yako kinataja grisi maalumu, tumia hiyo, na kwa kiasi kidogo.

Kigia kikiwa laini na umeme upo, tazama meno. Zungusha flaiwili kwa mkono robo mzunguko, rudisha waya wa betri, jaribu tena. Ikishika upande mmoja na kuteleza upande mwingine, meno ya flaiwili yamelika sehemu moja, na stata mpya haitakusaidia.

"Betri inawasha taa zote za dagaa, ni nzima hiyo."

Taa za LED zinakula ampea chache tu. Stata inaweza kudai zaidi ya 100 kwa mara moja. Betri iliyokesha na taa usiku kucha ndiyo hiyo hiyo inayodaiwa kuwasha injini alfajiri. Tenga betri ya taa na betri ya injini. Betri ya sola imetengenezwa kutoa umeme taratibu kwa muda mrefu, kwa hiyo usiitegemee kwa stata.

"Ziwa letu ni maji baridi, waya hauozi."

Chumvi huharakisha tu. Unyevu na mvuke wa tindikali wa betri vinatosha kuotesha ukungu wa kijani ndani ya teminali, tena chini ya plastiki ambako huuoni. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri chenyewe, si kwenye kibano, na nyingine kwenye nati ya stata. Stata ikivutwa, ikizidi nusu volti kuna kiungo kibovu njiani. Fanya hivyo upande wa hasi pia, kutoka kichwa cha betri hadi bodi ya stata. Kiungo kinachopata moto mkononi ndicho hicho: fungua, piga msasa, kaza kwa spana, paka vaselini juu. Na waya wa nyumba wa milimita 2.5 hauna kazi kwenye stata.

"Igonge kwa nyundo itashika."

Ikishika baada ya kugongwa, huenda brashi za kaboni zimekwisha au zimekwama; zibadilishe. Stata nyingi za siku hizi zina sumaku zilizogandishwa ndani, na nyundo huzipasua.

"Unganisha nati mbili za rilei kwa spana, utaiwasha."

Tunaomba muiache hii. Cheche ile inaruka jirani na mvuke wa petroli, na unakuwa umeiruka swichi ya gia, hivyo injini inaweza kuwaka ikiwa kwenye gia na kumtupa mtu majini. Stata ikiwa kimya kabisa, mara nyingi jibu ni jepesi: gia haijakaa frii (haijaingia mbele wala nyuma) sawasawa, au fyuzi imeungua. Tikisa mpini wa gia ukijaribu ufunguo.

Ikishika na kukwama, acha. Toa plagi, chomoa kamba ya usalama (ile inayozima injini ikitoka), zungusha flaiwili kwa mkono. Maji yakiruka kwenye matundu ya plagi, ukilazimisha utapinda konrodi, mkono unaoshika pistoni.

Ukiwa katikati ya ziwa, tupa nanga kwanza ili upepo usikupeleke kwenye miamba. Usishikilie ufunguo zaidi ya sekunde 10. Pumzisha stata dakika moja au mbili. Ikishindikana, rudisha kamba ya usalama, hakikisha gia ni frii, toa kifuniko, pachika fundo la kamba ya dharura kwenye pengo la flaiwili, zungusha raundi mbili hadi tatu kufuata mwendo wa saa, vuta. Usijisokotee kamba mkononi, na injini ikishawaka usijaribu kurudisha kifuniko cha flaiwili mpaka uizime nchi kavu.